Nyumbani Hakuna Marehemu

Ukitaka kujua ukoo wa mtu wa Bungoma ulivyosambaa, sikiliza tangazo la kifo chake redioni. Msomaji huanza kwa kusema kwamba ni kwa huzuni kubwa, au kwa unyenyekevu na kukubali mapenzi ya Mungu, familia inatangaza kifo cha Mzee fulani wa kijiji fulani, kata ndogo fulani, aliyefariki baada ya kuugua kwa muda mfupi. Halafu inakuja orodha yenyewe. Alikuwa mwana wa marehemu fulani na marehemu fulani. Mume wa fulani, fulani na marehemu fulani. Baba yao marehemu fulani, fulani mwalimu wa Chwele, fulani wa Qatar, fulani wa Kitale na wengineo. Kaka yao fulani, shemeji yao fulani, mjomba wa fulani, babu ya wengi. Mwili umehifadhiwa mochari ya hospitali fulani, utaondolewa Ijumaa saa nne, na mazishi yatakuwa Jumamosi nyumbani kwake.

Kwa miongo mingi matangazo haya yalikuwa ya Sauti ya Kenya, na baadaye KBC. Siku hizi West FM ya Bungoma inayasoma, na Sulwe FM inayasoma kwa Lubukusu. Mpangilio haujabadilika sana. Wazee huacha chai ipoe wakiyasikiliza, na si kwa sababu wanapenda misiba. Wanapiga hesabu. Wake wawili wako hai, mmoja alitangulia. Kifungua mimba naye ni marehemu, kwa hiyo anayesimamia mazishi ni wa pili, yule wa Chwele. Huyo wa Qatar huenda akachelewa, basi mwili utakaa mochari zaidi ya wiki. Kabla tangazo halijaisha, msikilizaji ameshajua nani ataketi wapi, nani atadaiwa mchango, na yeye mwenyewe ni jamaa wa karibu kiasi gani hata alazimike kwenda.

Katika orodha hiyo neno marehemu hurudiwa mara tatu, nne, hata kumi. Sasa ondoka redioni uingie katika boma lenyewe, ukae chini ya hema na wenye msiba. Mjane anamwita mumewe "mzee", kama alivyomwita juzi. Watoto wanasema "baba", au kwa Lubukusu "papa". Dada wawili wanamzungumzia mama yao aliyezikwa miaka mingi iliyopita, nao wanasema tu "mayi": mayi hakupenda kuku waingie jikoni, mayi angekuwepo leo angetufukuza sote. Ukimsikia mtu anamwambia ndugu yake wa tumbo moja "marehemu mama", elewa kwamba kuna mgeni kibarazani, au kuna shamba linalogombewa.

Hilo ndilo jambo ninalotaka kulisema kuhusu lugha ya msiba katika eneo hili la kati ya Mlima Elgon na mto Nzoia. Tuna msamiati rasmi wa kuwataja jamaa waliokufa, nao ni mwingi, lakini haukutungiwa wenye msiba. Ulitungiwa watu wa nje: redio, kanisa, chifu, gazeti, mahakama. Ndani ya nyumba aliyekufa habadilishwi jina wala cheo cha ujamaa. Hupewa njia nyingine ya kuitwa, na njia hiyo ina masharti yake magumu.

Hatuko peke yetu katika kugawa mambo namna hii. Wazungumzaji wa Kikantoni, wale wa Hong Kong na Guangzhou, wana ngazi ndefu ya maneno kwa shughuli hiyo hiyo. Baba aliye hai, akitajwa mbele ya wageni kwa lugha ya heshima, ni ga fu, baba wa nyumbani kwetu. Akifa anakuwa sin fu, baba aliyetangulia, na mama anakuwa sin mou. Katika barua za kizamani baba huyo huyo huitwa sin yim, yaani mkali wetu aliyetangulia, na mama sin chi, mpole wetu aliyetangulia. Lakini hilo sin ni la wakubwa tu. Mume akimtaja mkewe aliyekufa husema mong chai, na hatumii neno la kutangulia, kwa kuwa mke hamtangulii mume katika daraja za ukoo. Na hakuna Mkantoni anayekaa mezani na kaka yake akamwita baba yao sin fu. Neno hilo ni la barua, la hotuba, la kumwambia mtu asiyemjua baba. Akirudi kwa kaka yake, baba ni baba.

Kiswahili chetu hakijali nani mkubwa. Mtoto wa wiki mbili ni marehemu, na babu aliyeacha vitukuu ni marehemu. Neno lenyewe limetoka Kiarabu, na kwa Mwislamu wa Lamu au wa Mumias bado lina harufu ya dua, kwamba huyu ni mtu wa kurehemewa. Wakristo wa Kimilili na Webuye wamelichukua bila dua hiyo. Kwao ni alama tu, inayoweza kutiwa kwenye mabano baada ya jina la mtu. Wale wanaotaka ngazi wameitafuta penginepo. Hayati, ambalo asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya uhai, waandishi wa habari waliwawekea wakubwa: Hayati Mzee Jomo Kenyatta, Hayati Daniel arap Moi. Sasa limeteremka hadi vijijini. Mwalimu mkuu mstaafu akifa, wanawe hawataki awe marehemu sawa na kila mtu, na kwenye jalada la kijitabu cha mazishi anaandikwa hayati. Sioni ubaya. Mtu aliyefundisha nusu ya kata kusoma anastahili neno lake.

Mwendazake nalo waandishi wa Kenya hulitumia wanapochoka kurudia marehemu, bila nia yoyote mbaya. Ukilipeleka Tanzania uwe mwangalifu. Tangu kifo cha Rais John Magufuli, Machi 17, 2021, neno hilo lilivaa siasa huko, na wapo wanaolisikia kama kejeli.

Makanisa nayo yameongeza yao. Wafuasi wa Jeshi la Wokovu, ambao ni wengi upande wa Magharibi, husema mwenzao amepandishwa utukufuni, na lugha hiyo inaafikiana vyema na sare, bendera na vyeo vyao. Wengine husema amelala katika Bwana. Kanisa la Marafiki, ambalo wamisionari wake walifika Kaimosi mwaka 1902 na kutoka huko likaenea hadi Lugulu na kwingineko Bungoma, lina mapokeo ya usemi wa wazi usiopambwa, ingawa mazishi ya Marafiki niliyohudhuria hayakuwa mafupi hata kidogo.

Lakini hayo yote ni ya nje. Turudi nyumbani.

Kwa Wabukusu, mzazi akifa, swali la ataitwaje hujibiwa na mtoto atakayezaliwa. Kwa kawaida mtoto hupata jina la majira au la tukio: Wafula na Nafula wa mvua, Wanjala na Nanjala wa njaa, Simiyu na Nasimiyu wa kiangazi, Wekesa na Nekesa wa mavuno, Wanyonyi na Nanyonyi wa palizi. Pamoja na hilo hupata jina la jamaa aliyekufa. Wakati mwingine jina hilo halichaguliwi na wazazi. Marehemu huja ndotoni kwa shangazi au kwa nyanya, akakaa, akadai maji au akauliza kwa nini amesahauliwa, na asubuhi mambo yameshaamuliwa. Au mtoto analia usiku kucha, wazee wanataja majina ya waliotangulia moja baada ya jingine, na jina atakalonyamaza likitajwa ndilo lake. Günter Wagner, Mjerumani aliyefanya utafiti Magharibi mwa Kenya katika miaka ya 1930 na kuandika kitabu kikubwa juu ya watu wa huku, alikuta desturi ya kuwapa watoto majina ya waliokufa, na daktari wa kisasa wa watoto pale Kitale angeweza kumthibitishia kwamba haijakwisha.

Jina likishakaa, lugha ya nyumba hubadilika. Mwanamume aliyempa mwanawe jina la baba yake mwenyewe humwita mtoto huyo "papa". Mtoto wa miaka mitatu anaitwa baba na baba yake, na hakuna anayecheka. Msichana mwenye jina la nyanya huitwa "kukhu", nyanya. Bibi aliyefiwa na mumewe humtania mjukuu mwenye jina hilo kwamba yeye ndiye mume wake sasa, na kumuuliza kwa nini hajaleta sukari. Mkaza mwana ndiye aliye taabuni. Huyo mtoto anayemwaga uji mezani ana jina la baba mkwe wake. Atamchapaje? Atamtukanaje? Wanawake wengi hutafuta njia ya pembeni: humwita mtoto kwa jina la ubatizo siku za makosa, na kwa jina la babu siku za heshima. Brian ndiye aliyevunja kikombe. Babu hakuvunja kitu.

Ndiyo maana nasema nyumbani hakuna marehemu. Huwezi kumwita marehemu mtu ambaye jioni unamwogesha miguu. Jina lake linaitwa mara ishirini kwa siku, kwa sauti, uani, na linaitikia.

Masharti ndiyo haya. Si kila aliyekufa hurudi kwa njia hiyo. Aliyejinyonga, kwa kawaida jina lake haliokotwi. Wengi hawapendi kumpa mtoto jina la mtu aliyekuwa mwizi au mlevi wa kupindukia, hata kama alikuwa kaka mpendwa. Kijana aliyekufa bila mtoto yuko katika hali ya wasiwasi: kaka zake wakimhurumia, mmoja atampa mwanawe jina lake. Wasipomhurumia, kizazi kimoja baadaye hakuna atakayemtaja ila orodha ya redioni, nayo ikishasomwa imeisha. Msamiati rasmi unamkubali kila mtu, hata mbaya. Msamiati wa nyumbani unachagua, na kutochaguliwa hapo ni hukumu isiyo na rufaa.

Na kuna kisa cha Mama Wafula. Simsemi mtu mmoja, nawasema wengi. Mwanamke akishazaa, jina lake la usichana hupotea mitaani na yeye huwa mama wa kifungua mimba wake. Basi Wafula akifa, tuseme kwa pikipiki, jambo la kawaida mno kwenye barabara zetu, je, jirani atamwitaje yule mama kesho yake kisimani? Akimwita Mama Wafula anamchoma. Akimwita Mama Nekesa, kwa mtoto wa pili, ni kana kwamba Wafula hakuzaliwa. Nimeona watu wakitatua tatizo hili kwa kumwita "mama" tu kwa miezi kadhaa. Halafu siku moja yeye mwenyewe anapiga simu dukani na kusema, ni Mama Wafula hapa, niwekee unga. Kuanzia hapo kila mtu anarudi. Hakuna kanuni iliyoandikwa, ila mwenye msiba ndiye anayefungua mlango huo.

Kwa wazee wakubwa nyumba pekee haitoshi, ndipo huja kumuse. Hii ni hotuba ya baada ya mazishi, inayotolewa na mtaalamu wake, oswala kumuse, kwa mzee mwenye heshima aliyeacha uzao. Anavaa ngozi na kofia ya heshima, anashika fimbo, na watu hukaa wakimwachia uwanja wa kutembea. Anakwenda na kurudi, anaongea kwa Lubukusu kizito ambacho vijana wa Kitale hukisikia kama lugha ya kigeni. Hakuna anayemkatiza, hakuna anayepita mbele yake. Aliyejulikana zaidi katika kazi hii ni Manguliechi, ambaye msomi Chris Wasike amezichambua hotuba zake kwa kina, hasa jinsi zinavyozungumzia uanaume na mamlaka.

Kinachomshangaza mgeni katika kumuse ni kwamba aliyezikwa hatajwi sana. Wasifu wa kanisani humhesabia vyeti, vyeo na safari. Oswala kumuse anaanza mbali, Misri ya masimulizi ya Wabukusu, anashuka na safari za koo, anamfikia Mango wa Bakhurarwa aliyeua joka na kupata haki ya kutahiriwa, anawataja waonaji wa zamani, Maina wa Nalukale, Mutonyi wa Nabukelembe, Wachiye wa Naumbwa. Angalia majina hayo yalivyojengwa. Wanaume wakubwa wa historia wanashikizwa kwenye jina lenye Na-, alama ile ile ya kike ya Nafula na Nanjala wetu. Redio leo ingeanza na baba.

Kisha anateremka hadi kwa walio mbele yake na kuwakemea: anayepiga mke, anayeuza shamba la urithi, walioacha kusemezana. Rika la mzee hutajwa, moja kati ya yale manane, Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma na Sawa, ambayo huzunguka na kurudi kwa kipindi kinachokaribia miaka 100. Mzee wa Nyange haondoki duniani kama mtu mmoja. Anapungua katika rika lenye jina ambalo vitukuu watakuja kulivaa tena. Ukiwa na hesabu ya namna hiyo, neno moja la kumaanisha amekufa linakuwa dogo sana.

Serikali ya kikoloni iliuona uhusiano huu na waliokufa, nayo haikuupenda. Elijah Masinde wa Kimilili, aliyewahi kuwa mchezaji hodari wa kandanda, alipoanzisha dini yake katika miaka ya 1940 aliiita Dini ya Musambwa, na musambwa ni mizimu ya ukoo, wale ambao redio ingewaita marehemu. Mwaka 1947 aliongoza umati wa wafuasi hadi Chetambe, juu ya Webuye, mahali ambapo mwaka 1895 Wabukusu waliuawa kwa bunduki za kikosi cha Charles Hobley. Walikwenda kuwakumbuka na kuwaombea wafu wale, nusu karne baadaye, mahali hapo hapo. Februari 1948 polisi waliwapiga risasi wafuasi wa dini hiyo Malakisi, dini ikapigwa marufuku, Masinde akapelekwa kizuizini Lamu. Kenya huru nayo iliipiga marufuku mwaka 1968. Masinde alifariki mwaka 1987. Kuwasomea wafu majina yao kanisani hakukuwa na kosa. Kosa lilikuwa kuwasemesha kana kwamba wana la kusema.

Panda sasa kutoka Webuye kwenda Kitale, kupitia Lugulu, Misikhu, Kamukuywa na Kiminini. Ijumaa mchana barabara hii ina magari ya mochari yenye vitambaa vyekundu na mabasi ya shule yaliyokodiwa na waombolezaji. Kadiri unavyopanda ndivyo Lubukusu kinavyopungua kwenye misiba na Kiswahili kinavyozidi. Trans Nzoia ilikuwa nchi ya walowezi wa Kizungu, na baada ya uhuru watu waliingia kutoka kila upande kununua au kugawiwa ardhi. Chini ya hema moja la msiba Kitale utamkuta Mbukusu, Msabaoti, Mpokot, Mteso, Mkikuyu, Mluo na Mturkana. Jirani ndiye aliyechimba kaburi, jirani ndiye aliyeleta viti. Huwezi kumwekea kumuse masaa mawili akiwa haelewi neno.

Hivyo Kitale imekuwa karakana ya Kiswahili cha msiba. Iliwazika watu wake wawili maarufu. Masinde Muliro, mwanasiasa wa upinzani, alianguka na kufa uwanja wa ndege wa Nairobi mnamo Agosti 14, 1992, akitoka London, wakati upinzani ukimtegemea katika uchaguzi wa kwanza baada ya vyama vingi kurejeshwa. Michael Kijana Wamalwa, Makamu wa Rais, alifia London Agosti 23, 2003, akazikwa shambani kwake Kitale Septemba 6. Taifa zima lilimwita hayati. Na jina lake, kwa wanaojua Lubukusu, lilikuwa bado linazungumzia pombe ya nafaka, kamalwa, iliyonywewa majira fulani zamani, kama lilivyorithiwa na familia.

Katika misiba ya kawaida ya Kitale, kinachobeba uzito sasa ni kijitabu cha rangi kinachoitwa programu. Ndani yake kuna picha, ratiba ya ibada, na wasifu wa marehemu kwa Kiingereza au Kiswahili. Nimesoma vingi kuliko nilivyosoma riwaya. Ukurasa wa ukoo ndio unaopigiwa kura usiku wa kuamkia mazishi. Je, mke wa pili ataandikwa mke, au ataachwa nje kwa kuwa mahari haikuisha? Yule kijana wa Turbo anayefanana na marehemu kama sarafu na sarafu, atiwe kwenye orodha ya watoto au kwenye "na wengineo"? Mtu wa saibakafe hulazimika kusubiri hadi saa sita za usiku ndipo aambiwe achapishe. Mara nyingine huchapishwa mbili, ya nyumba hii na ya nyumba ile, na mchungaji husoma moja huku wengine wakinong'ona.

Wageni hudhani hayo ni majivuno. Hapana. Ni kwa sababu kuna mtu mwingine atakayeisoma orodha ile: mahakama. Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, ilianza kutumika Julai 1, 1981. Anayeomba kusimamia mali ya marehemu huanzia kwa chifu, ambaye huandika barua ya kuwataja warithi, na kesi hufunguliwa kwa jina la aliyekufa, na neno marehemu kwenye mabano baada yake. Hapo neno hili la watu wa nje linapata meno. Kifungu cha 40 kinasema mume aliyekuwa na wake wengi akifa bila wosia, mali yake igawanywe kati ya nyumba kulingana na idadi ya watoto wa kila nyumba, na mke aliye hai ahesabiwe kama fungu la ziada katika nyumba yake. Mke aliyetangulia kufa hahesabiwi. Watoto wake wanapata mafungu yao, ila lile la mama yao halipo. Kwa hiyo mabano yale mawili yanayomzunguka "marehemu" kwenye programu, baada ya jina la mke wa kwanza, yanaweza kuwa na thamani ya ekari kadhaa za mahindi.

Tena hapa ndipo lugha ya nyumbani na lugha ya nje zinapogongana vibaya. Hatimiliki nyingi katika eneo hili bado ziko kwa majina ya babu. Mzee Wekesa Simiyu alinunua ekari zake baada ya uhuru, akafa, akazikwa hapo hapo, na hakuna aliyekwenda mahakamani, maana kwa familia Wekesa Simiyu hakuondoka. Alirudi. Yupo, ana miaka arobaini na kitu, anaendesha bodaboda, na kitambulisho chake kinasema Wekesa Simiyu. Majirani wanamwita kuka kwa utani. Siku ya kutafuta mkopo au kuuza kipande, karani wa ardhi anaona jina la kwenye hati na jina la kwenye kitambulisho yakilingana herufi kwa herufi, kisha anatazama tarehe ya kuzaliwa.

Kuanzia hapo mjukuu analazimika kufanya jambo ambalo nyumbani halijawahi kufanywa: kuthibitisha kwamba Wekesa Simiyu alikufa. Cheti cha kifo hakuna, kwa kuwa mzee alizikwa kabla watu hawajajali makaratasi hayo. Sheria ya usajili wa vizazi na vifo, Sura ya 149, hairuhusu kifo kusajiliwa baada ya miezi sita bila idhini ya maandishi ya Msajili Mkuu. Basi atatafuta barua ya chifu, mashahidi wawili wazee waliokuwepo mazishini, na hati ya kiapo inayosema kwamba huyo Wekesa na huyu Wekesa ni watu wawili. Atakula kiapo hicho mbele ya wakili pale Kitale, shilingi mkononi, wakati nyumbani nyanya yake mwenye miaka tisini bado anamwita mume wangu. Wakili atamwuliza jina la marehemu. Atalitaja. Wakili atamwuliza na la kwake.